Naomba ushauri: fuvu linatoa mafuta tena baada ya kukauka

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kuandaa mifupa ya wanyama kwa ajili ya mafunzo.

Ni fuvu la nguruwe mkubwa. Nyama iliondolewa kwa kuozeshwa kwenye maji, bila kuchemsha, maana maji yanayochemka husukuma mafuta ndani ya mfupa na kulegeza maungio. Baadaye likalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 hivi, yenye sabuni ya vyombo, yakibadilishwa kila yakichafuka. Mwisho likaingia kwenye haidrojeni peroksaidi (dawa ya kung'arisha) ya asilimia 3.

Likiwa limelowa ni jeupe kabisa. Likikauka, madoa ya manjano yanajitokeza kisogoni na kwenye taya, hasa karibu na mizizi ya magego. Ukibandika karatasi nyembamba hapo, inapata alama ya mafuta. Kwa hiyo peroksaidi imeficha tu rangi. Mafuta bado yamo. Dawa ya klorini siigusi, inakula mfupa hadi unabaki kama chaki.

Nafikiria kuliloweka kwenye asitoni (kimiminika kinachoyeyusha mafuta), kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko, mbali na moto. Je, mfupa ukauke kabisa kwanza ili maji yaliyobaki yasiizimue, au niendelee na sabuni tu hadi maji yabaki safi?

La pili: meno ya mbele yanacheza. Niyatoe yote na kuyawekea namba kabla ya kuloweka, au asitoni itayapasua yakikauka haraka?