Dawa za kuongezea kwenye oili ya injini: nitie au niachane nazo?

njiapanda88
Wakuu habari zenu. Jumamosi gari inaingia sevisi, namwaga oili, sasa fundi kaniambia safari hii nisije na oili peke yake, nije na ile dawa ya kuongezea, eti itapunguza kula oili na ule mlio wa asubuhi utaisha. Nimeenda kuangalia nikakuta chupa za kila aina mpaka nikachanganyikiwa. Kuna ile nzito kama asali, kuna nyeusi tii yenye moli (molibdeni), halafu kuna ya kusafisha inayotiwa kwenye oili ya zamani kabla hujamwaga. Muuzaji kila niliyoigusa anasema hiyo ndiyo yenyewe. Nichukue ipi kati ya hizo tatu au natupa hela tu? Walioshawahi kutumia ndio wajibu tafadhali.

FundiPole
Gari gani? Injini ina ukubwa gani, sisi (cc) ngapi? Petroli au dizeli? Imetembea kilomita ngapi? Oili unayotia namba ngapi? Inakula kiasi gani, na kwa umbali gani? Moshi upo au haupo? Yaani unaingia kwa daktari unasema "naumwa" halafu unamuuliza kidonge chekundu au cheupe.

OktaniMbili
ile nzito kama asali ndo mpango mzima usisumbuke na nyingine. mi nimeitia kwenye gari tatu tofauti, zote zilikuwa zinatoa moshi zikaacha. wanaoipinga hawajawahi hata kuifungua chupa

dada_spana
@OktaniMbili zimeacha kutoa moshi au zimenyamazishwa? Hiyo asali kazi yake ni kuifanya oili iwe nzito basi. Oili ikiwa nzito inapenya kwa shida kwenye ringi za pistoni zilizolika, moshi unapungua, unafurahi. Ringi bado ni ileile imelika. Ndio maana mtu anayetaka kuuza gari lake bovu anaipenda sana, inamtosha mpaka mnunuzi aondoke.

OktaniMbili
sasa kama moshi umeacha na gari inatembea shida iko wapi dada? kushusha injini unalipa wewe?

njiapanda88
Samahani wakuu nilikuwa na haraka. Ni petroli, 1500, silinda nne, ina VVT (ule mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka). Kilomita 186,000. Oili sijui namba, huwa fundi ndo ananunua. Inakula kidogo tu.

FundiPole
"Kidogo" sio kipimo mkuu. Nusu lita kwa kilomita 5,000 hiyo wala usiamke usiku, kuna watengenezaji wanaokwambia hata lita 1 kwa kilomita 1,000 bado ni kawaida, ingawa mimi hapo roho ingeanza kuniuma. Na hiyo ya kutojua namba ya oili ndio ugonjwa wa kwanza. Fungua kitabu cha gari, ipo imeandikwa.

MkunaKichwa
Kitabu cha gari? 😂😂 kile cha Kijapani kwenye droo ya dashibodi? Mimi changu nakitumia kuzuia kioo kisigongegonge

mtembezi_usiku
Naomba nieleze yaliyonikuta maana hiyo chupa ya tatu, ya kusafisha, mimi nina kovu nayo.

Nilinunua gari mkononi, imetembea sana, mwenye nayo alikuwa anamwaga oili siku akikumbuka. Nikifungua kifuniko cha oili kwa chini naona utando mweusi kama lami. Nikajisemea hii lazima isafishwe. Nikachukua chupa, nikatia, nikawasha injini ikae sailensa dakika kumi na tano kama walivyoandika, nikamwaga, ikatoka nyeusi ya kutisha, nikafurahi nikajiona fundi. Nikatia oili mpya na filta mpya. Siku mbili safi kabisa, hata mlio umepoa. Siku ya tatu niko safarini usiku, mlima, taa nyekundu ya oili ikawaka ikazima. Nikasema labda ni waya. Ikawaka tena, nikaendelea maana nilibakiza kilomita kama nane kufika na ni porini na nina watoto ndani. Zile kilomita nane ndizo zilizoniua. Nikaanza kusikia ko ko ko ko, nikazima, nikapima oili, oili ipo imejaa!! Hapo ndo nikachoka kabisa.

Iliposhushwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, fundi akanionyesha ile chujio ya waya kwenye mdomo wa pampu ya oili, imezibwa na vipande vya lami. Ile dawa ilibandua uchafu wa miaka lakini haikuuyeyusha wote, mapande yakashuka chini yakaenda kukaa pale pale pampu inapovutia. Oili ipo kwenye sampu lakini haipandi juu. Beringi za krenki zimekwanguka, krenki yenyewe imeingia mistari. Nilinunua injini nyingine. Na ile iliyokuja sijaitia kitu chochote zaidi ya oili mpaka leo.

MkunaKichwa
Pole sana mkuu. Lakini taa nyekundu ya oili ndo unaendesha kilomita nane?

mtembezi_usiku
Ndio maana nimesema zile kilomita ndizo zilizoniua. Na wewe ungekuwa porini saa sita usiku na watoto tungeona.

chupa_safi
Tatizo sio dawa ni matumizi, zipo za kisasa zinazosafisha taratibu huku unatembea. Njiapanda njoo PM nikuelekeze nzuri, utanishukuru

dada_spana
Tulikuwa tunakusubiri. Kila uzi wa oili lazima mmoja aseme njoo PM.

bwana_mnato
Ngoja niongee kidogo maana naona tunaziweka zote kapu moja.

Oili unayonunua dukani tayari imetiwa dawa kiwandani. Oili ya injini ya kawaida ina kama asilimia 10 mpaka 25 ya viongezo: kuna vya kusafisha (vya kalsiamu au magnesi), kuna vya kuubeba uchafu usigande, kuna vya kuzuia povu, vya kuifanya isiwe maji ikipata moto, na kuna zinki na fosforasi ya kulinda vyuma vinaposuguana. Vimepimwa pamoja na kujaribiwa pamoja. Wewe ukimwaga chupa juu yake unaubadilisha ule mchanganyiko bila kujua umeongeza nini na umeharibu nini. Mfano fosforasi, inalinda kemshafti (shafti inayofungua valvu) vizuri tu, lakini inayoungua na oili inaenda kuua katalitiki, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, ndio maana viwango vya API, taasisi ya petroli ya Marekani, vimeipunguza kwa zile oili nyepesi. Kwa hiyo mtu mwenye gari la zamani kweli kweli, lenye tapeti bapa zinazosuguana na kemshafti, yeye kuongeza zinki kuna mantiki. Injini ya VVT yenye katalitiki sioni sababu.

Ile ya moli sio uongo. Moli inapunguza msuguano, na oili nyingi nzuri tayari zinayo kwa namna moja au nyingine. Ila chuma kilicholika hairudishi. Na zile za zamani zenye teflon zilivuma sana, mpaka serikali ya Marekani mwaka 1996 ikawashtaki watengenezaji wa Slick 50, mojawapo ya dawa hizo, kwa matangazo yasiyo na ushahidi, wakaja kusuluhisha mwaka uliofuata.

OktaniMbili
maneno mengi bwana mnato lakini hujajibu, gari zangu tatu zimeacha moshi, hiyo ni ndoto?

bwana_mnato
Sio ndoto. Dada alishakujibu pale juu.

Baba_Dizeli
Mi nawashangaa mnazunguka. Atie 20W-50 kazi imeisha, haina haja ya dawa. Hizi 5W-30 ni za nchi za baridi, W maana yake uzito, ni oili nyepesi kama maji, joto likizidi inakuwa chai ya rangi.

bwana_mnato
W ni "winter", mzee wangu, yaani baridi. Namba ya kabla ya W inaonyesha inavyotiririka ikiwa ya baridi, ya baada ni unene wake kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo 5W-30 asubuhi unapowasha ndio inawahi kufika juu kuliko hiyo 20 yako. Na VVT inaendeshwa na presha ya oili hiyohiyo, inapita kwenye vitundu vidogo sana, ukitia nzito kupita kiasi inachelewa na taa ya injini inaweza kukuwakia.

Baba_Dizeli
Mimi naendesha tangu hujazaliwa na sijawahi kunoki injini. 20W-50 tu, baridi kwangu haipo.

dada_spana
Baba shikamoo, lakini gari lako lina VVT?

Baba_Dizeli
Marahaba. Halina. Na ndio maana halisumbui.

MkunaKichwa
😂😂 hapo mzee kashinda

FundiPole
Turudi kwa mwenye uzi. Njiapanda, kabla ya chupa yoyote fanya hivi. Gari ikilala, asubuhi mtu asimame nyuma wakati unawasha. Moshi wa bluu ukitoka pale mwanzo halafu ukapotea, hizo ni sili za valvu, oili ilikuwa inadondoka usiku. Bluu ikitoka ukiwa unapandisha mlima umekanyaga mafuta, wasiwasi wangu ni ringi. Halafu pima kompresheni (mgandamizo), silinda zote nne. Iliyo chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda angalia valvu. Na kabla ya hayo yote toa valvu ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa ndani ya injini, uitikise. Nyingi ukitikisa zinalia chaka chaka, isipolia imeganda, na ikiganda injini inasukuma oili kuelekea kwenye hewa inayovutwa inaunguzwa. Ni kidude kidogo na cha bei ndogo, nimeona watu wameshusha injini kwa ajili yake. Mlio wa asubuhi unaweza kuwa ni oili kupungua tu au filta isiyo na ile valvu ya kuzuia oili isirudi chini.

njiapanda88
Asante sana fundi. Moshi sijauona, ila sijawahi kusimama nyuma asubuhi kusema kweli. Kuhusu kupima, huwa napima nikishafika nyumbani, nikizima tu nachomoa kijiti, kila siku kiko chini ya alama. Nyumbani napoegesha kuna mteremko kidogo.

FundiPole
Ngoja. Unapima ukizima tu? Kwenye mteremko?

njiapanda88
Ndio mkuu. Kuna shida?

dada_spana
Uwiiii

FundiPole
Sehemu ya oili bado iko juu kwenye injini kaka, haijashuka kwenye sampu. Na ukiegesha kwa mteremko kijiti kinakudanganya. Sehemu tambarare, zima, subiri dakika tano mpaka kumi, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena ndio usome. Huenda hiyo gari haili oili hata kidogo na fundi wako amekuwa akiijaza kupita alama. Na ikizidi nayo ni shida, krenki inaipiga inatoka povu.

njiapanda88
Duh. Sasa mlio?

OktaniMbili
mlio tia ile nzito

tairi_la_nne
Wakuu samahani kuingilia, mimi sio injini, ni gia boksi ya otomatiki, inachelewa kuingia D asubuhi. Fundi anasema kuna dawa ya kutia kwenye oili ya gia, kuna aliyetumia?

FundiPole
Gari gani? Kilomita ngapi? Oili ya gia ilibadilishwa lini?

tairi_la_nne
Haijawahi kubadilishwa nadhani. Gari nzuri tu haina shida.

mtembezi_usiku
Jamani.