Tupeane uzoefu: petroli ikipanda, sisi wa Mtwara na Lindi tunabadilisha nini na kwa vipimo gani?

Ligula_Mjini

Wakuu, salaam. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitoa bei kikomo, gumzo ni lile lile hadi Jumatano inayofuata. Naomba hapa tuweke vipimo: lita, kilo, wati, milimita. Wa baharini aseme ya baharini, wa shamba aseme ya shamba, fundi aseme ya gereji. Nani kamuonea nani tuliache kwa leo.

Nianze na bei yenyewe. Gesi asilia tunayo, Songo Songo tangu 1974 ilipogunduliwa na Mnazi Bay tangu 1982, lakini petroli na dizeli zote zinatoka nje kwa meli. Bei ya kusini inakokotolewa kwa shehena iliyoshushwa bandari ya Mtwara. Mwezi ambao shehena haikushuka hapa, mafuta yanafuatwa Dar kwa malori, zaidi ya kilomita 550, na nauli ya lori inakaa ndani ya kila lita. Ndiyo maana bei yetu na ya Dar hazipandi sawasawa. Bei kikomo ya wilaya yako unaipata kwa *152*00#, na kituo kikiuza juu ya hapo kimevunja sheria.

Tena kisima cha mafuta hakiishi kama ndoo inavyokauka. Presha inashuka, maji yanapanda, na kila pipa linagharimu zaidi kulitoa kuliko la jana yake. Hata bei ikishuka msimu huu, si busara kupanga biashara kwa kutegemea ibaki huko chini.

Msangamkuu_Pwani

Ya baharini. Injini ya kupachika ya nguvu farasi 40, hii ya kuchanganya oili, ukiifungulia yote inakunywa lita 15 hadi 18 kwa saa. Rudisha resi hadi theluthi mbili, matumizi yanashuka karibu nusu. Chombo kizito cha mbao hakiruki juu ya maji, kinasukuma wimbi lake chenyewe, kwa hiyo resi ya mwisho inaongeza kelele na mafuta zaidi kuliko mwendo. Jaribuni na dumu lenye alama za lita, Msangamkuu hadi eneo la uvuvi na kurudi, safari mbili, resi mbili tofauti.

Oili: injini nyingi zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita, mililita 400 kwa dumu la lita 20. Pimeni kwa chupa yenye alama, kifuniko si kipimo. Oili ikizidi, plagi inatoka nyeusi imelowa na injini inakataa kuwaka asubuhi. Ikipungua, pistoni inashika, na hapo hasara ni ya injini nzima.

Pangaboi lililokatika ncha linakula mafuta kimyakimya kwa sababu linatetemeka badala ya kusukuma. Na chini ya chombo: mwani na vijichaza vikishika, unavuta bustani nzima. Wazee walipaka deheni, shahamu na chokaa, na walikuwa na sababu.

Tanga lisidharauliwe. Alfajiri upepo wa umande unavuma kutoka nchi kavu, toka nao. Alasiri upepo wa baharini unakurudisha. Injini ndogo ya farasi 9.9 au 15 ibaki ya dharura na ya kuingilia mlangoni. Miezi ya kusi kali, Juni hadi Agosti, hesabu inabadilika, na hapo sitamshauri mtu ategemee tanga peke yake.

Kivinje_Dagaa

Naunga mkono kaka wa Msangamkuu. Mimi naongeza taa. Mafuta ya taa yalipandishwa kodi 2011 ili watu waache kuyachanganya na dizeli, na tangu hapo karabai ni mzigo kwa mvuvi wa dagaa. Karabai moja kubwa inamaliza lita moja kwa saa 8 hivi. Karabai 4 kwa usiku wa saa 10 ni karibu lita 5.

Taa za LED za volti 12, wati 15 kila moja, ziwe 4: wati 60 mara saa 10 ni wati-saa 600. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 60 hadi 70 inatosha. Ya asidi iwe 100, kwa sababu ukiishusha chini ya nusu kila usiku haifiki mwaka. Paneli ya wati 160 hadi 200 ufukweni inairudisha kwa siku moja ya jua la kawaida. Siku ya mawingu haijai, basi toka na taa 2 badala ya kuinyonga betri.

Kinachoua taa hizi ni maungio. Fungua waya uliosokotwa na kuzungushiwa utepe baada ya mwezi baharini: shaba imegeuka kijani, ukiibana kwa kucha inamomonyoka kama chumvi. Taa inafifia, mtu analaumu betri. Lehemu maungio kwa risasi, vika mpira unaobana kwa moto, juu yake paka grisi. Waya uwe milimita za mraba 2.5 kama unazidi mita 5.

Betri ya asidi ifungwe ndani ya sanduku lenye kifuniko, lisimame wima. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri yanatoa klorini, gesi inayochoma mapafu, na katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia.

FundiShangani

Gesi kwenye magari. Watu wengi wanauliza bei ya kufunga tu, wakati swali la kwanza ni kituo cha kujaza kiko wapi na wewe unakwenda wapi.

Kilo moja ya gesi asilia iliyoshindiliwa ina nguvu ya kama lita 1.5 za petroli. Mtungi wa ujazo wa lita 60 kwa presha ya bar 200 unabeba kilo 10 hivi, sawa na lita 15 za petroli. Gari dogo la kilomita 15 kwa lita linakwenda kilomita 220. Mtwara hadi Lindi na kurudi unafika ukiwa umebakiwa na kidogo sana. Mtwara hadi Dar hufiki, utamalizia kwa petroli, kwa hiyo tangi la petroli lisiachwe tupu. Pampu ya petroli ikizunguka bila mafuta inaungua.

Vifaa: mtungi na valvu yake, bomba la chuma la presha, kipunguza presha, chujio, injekta za gesi, kompyuta ndogo na swichi. Gari linawashwa kwa petroli, maji yakipata joto la nyuzi 35 hadi 40 linahamia gesi lenyewe.

Kosa ninalolisisitiza kwa mafundi wenzangu ni mabomba ya maji moto. Gesi inaposhuka kutoka bar 200 hadi 2 inapoa sana. Kipunguza presha kisipopitishiwa maji ya moto ya injini, kinaganda barafu juani mchana, huku Mtwara, na gari linakatakata. Mteja anaambiwa gesi ni mbovu kumbe fundi karuka hatua.

Mengine: nguvu inapungua kama asilimia 10, mlimani utaihisi. Nafasi ya plagi ipunguzwe hadi milimita 0.7, kwa sababu gesi inataka cheche kali zaidi. Mtungi uliojaa unaongeza uzito nyuma, angalia springi.

Mchinga_2

Fundi shikamoo. Kuna wanaosema mtungi wa gesi ya kupikia unaweza kufungwa kwenye gari ili kupunguza gharama. Ni kweli?

FundiShangani

Marahaba. Usithubutu. Gesi ya kupikia inakaa mtungini kama kimiminika kwa presha isiyozidi bar 10 hivi. Gesi asilia ya gari ni bar 200. Mtungi wa jikoni ukitiwa presha hiyo unapasuka kabla hujamaliza kujaza, na aliye karibu hasalimiki.

BiMikindani

Hapo kwenye tofauti ya gesi wanangu, na jikoni pia msikilize. Baadhi ya nyumba za Mtwara na Lindi zimeunganishwa gesi asilia ya bomba, nyingine zinatumia mitungi ya kilo 6 na 15. Jiko ni lile lile kwa macho, ila tundu la kutolea gesi si moja. Jiko la mtungi ukiliweka kwenye gesi ya bomba, moto unakuwa mdogo, maharage hayaivi. La bomba ukilipeleka kwenye mtungi, moto unaruka juu, wa njano, sufuria inajaa masizi. Tundu libadilishwe na fundi, usilipanue kwa sindano.

Uvujaji nao unatofautiana. Gesi asilia ni nyepesi, inapanda, kwa hiyo tundu la hewa liwe juu karibu na dari. Gesi ya mtungi ni nzito, inatambaa sakafuni na kukaa chini ya kabati, kwa hiyo upenyo uwe chini. Kila ukibadilisha mtungi, koroga sabuni ya kufulia na maji, paka kwenye maungio ya regulata na kwenye mpira. Tazama kwa utulivu hesabu hadi 30: pakivuja, povu linavimba taratibu, tone moja moja, kama jicho la samaki. Funga, kaza, paka tena. Mpira ulioanza kupasuka nyufa ukiukunja, utupe.

Kuokoa gesi: maharage yalowekwe usiku kucha, yachemke dakika 10, kisha sufuria iingizwe kwenye kapu lililojazwa matambara au pamba kwa saa 3. Yanaiva bila moto.

Newala_Korosho

Huku juu petroli inaishia kwenye mashine za kupulizia dawa mikorosho. Mpate faida kwa muda mnaopuliza. Salfa ya unga inataka umande kwenye majani na hewa iliyotulia, yaani saa 10 alfajiri hadi saa 2 asubuhi. Baada ya hapo upepo unaamka, wingu la salfa linahamia kwa jirani na petroli yako nayo inahamia. Kipimo ni gramu 250 kwa mti mkubwa kwa kila mzunguko. Uwiano wa oili uangaliwe kwenye mfuniko wa tangi. Mashine nyingi za zamani zinataka 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita, si 50 kwa 1 kama ya wavuvi.

Maganda ya korosho kama kuni: msiyachome mabichi jikoni. Yana mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake unachoma macho na koo. Viwanda vinayatumia kwenye majiko makubwa yenye bomba refu la moshi. Kwa mkaa wa nyumbani, yachomwe kwenye pipa la lita 200 nje, mbali na nyumba, simama upande upepo unakotoka. Moshi mzito wa njano ukigeuka mwembamba wa buluu, funika, ziba kwa udongo, acha usiku mzima. Ukiziba mapema maganda hayajaiva, na mkaa wake utatoa ule ule moshi. Saga. Kilo 10 za unga wa mkaa zinataka gramu 600 za unga wa muhogo zilizopikwa uji kwa lita 4 au 5 za maji. Shindilia, anika siku 4 hadi 5. Tonge likivunjwa na kuonekana jeusi la mng'ao wa maji katikati, bado.

Lukuledi_Bustani

Pampu ya petroli bondeni kwa pampu ya sola, hesabu ni hii. Unataka maji lita 20,000 kwa siku, kuyapandisha mita 15. Zidisha meta za ujazo 20 kwa 15 kwa 2.725 (wati-saa za kupandisha meta moja ya ujazo kwa mita moja), unapata wati-saa 817. Pampu ndogo inapoteza zaidi ya nusu, kwa hiyo gawanya kwa 0.4: kama wati-saa 2,040. Jua letu lihesabu saa 5, toa robo kwa joto na vumbi. Zinatakiwa wati 545, weka paneli 2 za 300.

Paneli zielekee kaskazini, maana sisi tuko nyuzi 10 kusini ya ikweta, na mlalo uwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Betri haihitajiki, simika simtanki na uhifadhi maji badala ya umeme. Pampu ya juu haivuti zaidi ya mita 7 kwenda chini, kisima kikizidi hapo nunua ya kuzamisha. Na kivuli cha jani moja la mnazi kwenye kona ya paneli kinashusha nguvu kuliko ukubwa wake unavyoonyesha.

Boda_Chikongola

Boda ya umeme: betri ya volti 72, ampea-saa 40, inakupa kilomita 65 hivi ukiacha asilimia 20 ya akiba. Kuijaza tena ni uniti 2.6. Boda ya petroli kwa kilomita hizo inataka lita 1.6. Kila mtu azidishe kwa bei ya siku yake. Mchanga wa njia za Msimbati unakula betri haraka, toa robo ya kilomita. Usichaji betri ikiwa moto, iache nusu saa.

Kwa walio bado na petroli: cheni icheze milimita 20 hadi 30, chujio la hewa likung'utwe kila wiki ya vumbi, upepo wa matairi ufuate kibandiko cha pikipiki.

Mchinga_2

Na mbono kaburi? Si mafuta yake yanawasha injini?

Ligula_Mjini

Yanawasha mdogo wangu, lakini lita moja inataka kilo 4 hivi za mbegu, na mafuta yake ni mazito mno kwa injekta ya dizeli. Lazima yapashwe hadi nyuzi 80, injini iwashwe na kuzimwa kwa dizeli ya kawaida. Mashine ya kusaga ya zamani inayozunguka polepole inavumilia, gari la kisasa haliwezi. Mashudu yake ni sumu kwa mifugo. Kilwa yalianzishwa mashamba makubwa mwishoni mwa miaka ya 2000 na yakaachwa. Mti unastahimili ukame kweli, ila bila maji ya kutosha hauzai.

Nachingwea_Stendi

Fundi, mtungi wa gari wa mtumba una mashaka gani?

FundiShangani

Tafuta mhuri wa tarehe shingoni. Mitungi inapimwa upya kila miaka 3 hadi 5 kutegemea aina, na ina mwaka wa mwisho wa kutumika. Pitisha kiganja mwili mzima: ukisikia bonde, mkwaruzo unaokamata kucha, au alama ya kuchomelea, usiununue hata kwa bei ya bure. Valvu ikiwa na kutu ndani, vivyo hivyo.