Samani za ukumbi wa kabaila kwa kipimo cha 1:12: nawezaje kuzifanya zionekane za kweli?

Mwalimu wa Kiloleni (Tabora)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na walionizidi umri shikamooni.

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Tabora. Kwa ajili ya wanafunzi wanaosoma umwinyi wa Ulaya, ninajenga nyumba ya wanasesere yenye sura ya jumba la kabaila wa Uingereza wa karibu mwaka 1400. Kipimo nilichochagua ni 1:12, yaani sentimita moja ndani ya nyumba yangu inasimama badala ya sentimita 12 za nyumba halisi. Ukumbi mkuu umekwisha kusimama: urefu wake ni sentimita 80 na upana 50, kuta ni za plaiwudi iliyosiribwa kwa udongo wa kichuguu uliochekechwa na kuchanganywa na gundi nyeupe, na mihimili ya paa imeachwa wazi ili ionekane kutoka chini.

Kinachonikwamisha ni samani. Nina meza, viti na kabati vilivyochongwa kwa mabaki ya mninga, viungo vimekaa sawa na vipimo ni sahihi, lakini kila ninapoviweka ukumbini vinaonekana kuwa vitu vya kuchezea watoto, na ukumbi wenyewe unapoteza uzito wake. Vanishi inang'aa kupita kiasi. Mapazia ya kitanda, niliyoyashona kwa kipande cha kanga, yanasimama wima badala ya kuning'inia.

Naomba ushauri kuhusu aina ya mbao, namna ya kuzipaka, vitambaa, na hasa vitu gani vilikuwemo katika ukumbi wa namna hiyo na vipi havikuwemo. Nia yangu ni mwanafunzi aweze kuutazama ukumbi na kutambua nani ni bwana na nani ni mtwana kwa kuona tu kila mmoja ameketi wapi na juu ya nini. Ningependa kutumia vifaa vinavyopatikana huku kwetu.

Seremala Mstaafu wa Gungu (Kigoma)

Mwalimu, marahaba, na hongera kwa kazi. Mabaki yale ya mninga usiyatupe, lakini kwa samani hizi hayafai, na sababu ni rahisi kuielewa ukizoea kuzidisha kila kitu mara 12. Vinyweleo vya mninga, ambavyo katika kabati la kawaida havimsumbui mtu, vikiwa kwenye kiti chenye urefu wa sentimita 8 jicho huvisoma kuwa nyufa na mifereji. Makabaila wa Uingereza walitumia sana mwaloni, nao una vinyweleo vikubwa vilevile. Ndiyo maana mafundi wengi wa samani ndogo huko Ulaya hawautumii, bali huchukua mti wenye nyuzi laini kama peasi, kisha huupaka rangi ufanane na mwaloni. Huku kwetu mpera, mchungwa na mlimau hufanya kazi hiyo vizuri sana. Tafuta matawi yaliyokatwa wakati wa kupogoa, paka ncha zake nta ili yasipasuke, uyaweke kivulini yakauke taratibu bila kupigwa na jua.

Pasua vibao vyenye unene wa milimita 3, ambavyo kwa kipimo chako ni mbao za sentimita 3.6, unene unaofaa kabisa kwa samani za wakati ule. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, halafu kwangua kwa ubapa wa wembe kabla ya kushika msasa. Usiweke msumari wowote. Viungo viwe vya ulimi na tundu, na vikazwe kwa kigingi: kijiti cha kuchokolea meno chenye unene wa milimita 2 kinalingana na kigingi cha sentimita 2.4. Ncha yake iache ijitokeze kidogo sana juu ya uso wa mbao. Gundi iliyofurika ifute papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu ikikauka juu ya mbao, rangi haitaingia mahali hapo.

Sasa rangi. Pika chai ya rangi nzito sana, bila sukari, uipake na uiache ikauke. Pembeni uwe umeloweka nyuzi za chuma za kusugulia masufuria ndani ya siki kwa siku kadhaa, kisha uchuje. Maji hayo ya chuma yakikutana na tanini, yaani kile kinachoipa chai ukakasi, mbao hubadilika kuwa kahawia iliyokolea au nyeusi, na badiliko hilo linatokea ndani ya mbao yenyewe, hivyo nyuzi hazifunikwi kama zinavyofunikwa na rangi ya kopo. Yajaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, na uyazimue kwa maji yakiwa makali. Vanishi iache kabisa. Ufundi wa mwisho ni kuzikwangua kingo mahali ambapo mikono na miguu ya watu ingesugua kwa miaka mingi: ukingo wa meza upande wa mlaji, katikati ya benchi, kifuniko cha kasha pale kinaposhikwa. Samani yenye pembe kali kila mahali haijawahi kutumiwa na mtu, na jicho linalijua hilo hata kama akili haijalitamka.

Kabati ninakushauri uliondoe ukumbini na badala yake uweke makasha. Kasha la mbao sita ndilo samani lililoenea kuliko yote: nguo, hati na fedha vyote viliwekwa humo, watu walilikalia, na bwana alipohama kutoka shamba moja kwenda jingine lilipakiwa likaenda naye. Lifanye urefu wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 4, na mbao mbili za ubavuni zishuke hadi chini ziwe miguu, kwa sababu ndizo zilizoliinua kasha lisiguse unyevu wa sakafu. Mikanda ya chuma ikate kwenye jalada gumu la daftari, ipake rangi nyeusi isiyong'aa, kisha uisugue kwa ncha ya penseli. Unga wa penseli huipa karatasi mng'ao wa chuma kilichofuliwa.

Binti Ujiji

Mwalimu, mimi ni mshonaji, nitajibu upande wa vitambaa.

Kanga haikuwa na namna ya kukubali. Uzi wenye unene wa nusu milimita, kwa kipimo chako, ni kamba ya milimita 6, na hakuna pazia linaloweza kuning'inia likiwa limefumwa kwa kamba. Tafuta leso ya mkononi ya pamba iliyofuliwa mpaka imelainika, au skafu ya hariri iliyochakaa. Kata pazia, lichovye katika maji mepesi ya wanga, kisha lilaze juu ya kipande cha povu gumu linalofungiwa vyombo vya umeme. Panga mikunjo kwa mkono, kila mkunjo ukiushika kwa pini juu na chini, na uache likauke hapohapo. Ukiondoa pini mikunjo inabaki, na kitambaa kinaonekana kuvutwa chini na uzito wake chenyewe. Upindo usiushone, pakaa gundi kidogo ukingoni ili usifumuke, kwa kuwa upindo ulioshonwa huwa mnene mno.

Kuhusu kuta, huenda unafikiri ni lazima udarizi zulia la ukutani. Ukiwa na subira, inawezekana kwa kuutenganisha uzi wa kudarizi wenye nyuzi sita na kutumia mmoja tu. Hata hivyo kabaila wa kadiri hakuwa na uwezo wa kununua mazulia yaliyofumwa, na wengi wa hali yake walitundika vitambaa vilivyochorwa kwa rangi ili viigize mazulia hayo. Kwa hiyo ukichora juu ya pamba nyembamba kwa rangi iliyozimuliwa, utakuwa umerahisisha kazi na wakati huohuo umeikaribia historia. Kwa rangi, mfano mzuri ni mazulia ya Angers nchini Ufaransa, yaliyoagizwa katika miaka ya 1370 na Louis wa Kwanza wa Anjou: picha zake hupishana, moja ikiwa na mandhari ya nyuma nyekundu na inayofuata ikiwa na ya buluu. Usitumie nyeupe safi popote. Kitani cha mezani kichovye katika chai nyepesi.

Mwalimu wa Kiloleni (Tabora)

Mzee wangu wa Gungu na dada yangu wa Ujiji, nawashukuru kwa moyo wote. Kabati nimekwisha kuliondoa, na kweli ukumbi umepanuka.

Nina maswali mawili zaidi. Madirisha niliyawekea plastiki inayoonyesha, na mwanga wake ni mkali na wa kisasa mno. Pia nataka meza iwe na chakula, ila nikifikiria sisimizi, mende na panya wa ofisi yetu ya walimu, sithubutu kuweka mkate wa kweli.

Mrina Asali wa Sikonge

Mwalimu, mkoa wetu unajulikana kwa asali, na kwa kazi hii nta ina manufaa mengi kuliko asali yenyewe.

Dirisha la vioo lilikuwa ghali wakati ule. Matajiri walikuwa na vipande vidogo vya kioo vilivyounganishwa kwa madini ya risasi, na wengine walitumia pembe ya ng'ombe iliyokwanguliwa ikawa nyembamba, kitani kilichopakwa mafuta, au milango ya mbao tu. Chukua karatasi nyeupe nyembamba, ipitishe katika nta ya nyuki iliyoyeyuka, na uiinue mara moja. Ikipoa itapitisha mwanga wa manjano uliofifia, unaofanana sana na ule wa pembe. Kisha weka taa ndogo ya betri nje ya dirisha, si ndani ya ukumbi. Wanaoviona vile vyumba vidogo 68 vya Narcissa Niblack Thorne vilivyoko Art Institute of Chicago, jumba la makumbusho ya sanaa huko Marekani, ambavyo navyo ni vya 1:12, huvutwa na jambo hilohilo: mwanga unaingia kutoka nje kana kwamba kuna mchana na bustani upande wa pili.

Nta hiyohiyo ndiyo itakayochukua nafasi ya vanishi aliyoikataza Mzee. Iyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, iondoe mbali kabisa na jiko, ndipo utie tapentaini kidogo kidogo mpaka iwe laini. Usichanganye karibu na moto, kwa maana mvuke wa tapentaini unawaka. Paka kiasi kidogo, subiri, sugua kwa kitambaa cha pamba.

Mishumaa ya bwana na ya kanisa ilikuwa ya nta, na ya watu wa chini ilikuwa ya shahamu. Chovya uzi wa pamba katika nta mara kadhaa upate mshumaa wa milimita 2 kwa meza kuu. Ya upande wa watumishi ipake kijivu kidogo, na iwe michache.

Chakula kitengeneze kwa wanga wa mahindi na gundi nyeupe kwa vipimo sawa, matone ya mafuta ya kupikia na ya ndimu, juu ya moto mdogo huku ukikoroga mpaka kiwe donge. Hupungua kikikauka, kwa hiyo finyanga kikubwa kidogo. Weka mikate, jibini, vitunguu, kabichi, matofaa na samaki. Usiweke viazi, nyanya, mahindi wala pilipili, kwa sababu vilitoka Amerika na havikufika Ulaya kabla ya safari ya Kolumbasi ya mwaka 1492. Maharage haya tunayopika kila siku yana asili hiyohiyo, na hata tumbaku, ambayo hapa Tabora ndiyo iliyowasomesha wengi wetu, haina nafasi katika ukumbi huo. Uma pia usiwepo. Walaji walitumia kisu, kijiko na vidole, na sahani ya wengi ilikuwa kipande cha mkate mkavu.

Mvinza

Msisahau chumvi. Sisi wa Uvinza tunaifahamu thamani yake. Chombo cha chumvi kilikuwa pambo kuu la meza ya bwana, na kukaa karibu nacho ilikuwa heshima. Kitengeneze kwa shanga mbili na kifuniko cha chupa ya dawa, ukipake rangi ya fedha. Usitie chumvi halisi, kwa kuwa inavuta unyevu na itaharibu mbao. Unga wa chaki unatosha.

Seremala Mstaafu wa Gungu (Kigoma)

Amesema kweli ndugu wa Uvinza. Namalizia na mpangilio, Mwalimu, kwa sababu swali lako la kwanza lilikuwa nani ni bwana na nani ni mtwana.

Mwisho mmoja wa ukumbi ujenge jukwaa lenye kimo cha sentimita moja na nusu, na juu yake ilale meza ya bwana, ikikingama upana wa ukumbi, walaji wakiwa upande mmoja tu na uso wao ukielekea watu. Meza nyingine zilale kwa urefu wa kuta, chini ya jukwaa. Hizi zisiwe na miguu iliyogundishwa: ni ubao mrefu uliolazwa juu ya miguu ya kuondosheka, kwa kuwa baada ya mlo ziliegemezwa ukutani, na watumishi wengi walilala palepale sakafuni. Wanafunzi wako wazipange na kuzipangua wenyewe. Uso wa meza uwe sentimita 6.25 kutoka sakafuni, na mabenchi sentimita 3.75.

Moto uwe katikati, juu ya mawe, bila dohani. Katika ukumbi wa Penshurst huko Kent, uliokamilika mwaka 1341, meko ya namna hiyo bado ipo. Mawe yatengeneze kwa vipande vya trei ya mayai vilivyopakwa kijivu cha aina mbalimbali. Weka majivu halisi yaliyochekechwa, acha tundu la kutolea moshi katika paa, na upake unga wa mkaa kwenye mihimili iliyo juu ya meko, mzito katikati na ukififia kuelekea pembeni. Sakafu imwagie majani makavu yaliyokatwa mafupi na membamba kadiri uwezavyo.

Kiti chenye mgongo na mikono kiwe kimoja tu ukumbini, cha bwana. Vile viti vingine vya mninga vitoe vyote. Ukitamani kuchora nakshi, ziweke kwenye kiti hicho na kwenye kasha moja lililo nyuma yake, na mabenchi ya chini yaache bila nakshi yoyote.