Kutafuta mtoto kwa kipato kidogo: tuanzie wapi hela isiishie njiani?

subira_yangu:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliopitia hii njia au wanaofanya kazi huko. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto mwaka wa tatu sasa, mimi nina miaka 31 yeye 36, mimi nashona nguo nyumbani yeye anaendesha gari la mtu kwahiyo kipato mnakielewa. Tulienda kliniki moja ya uzazi, nikapigwa ultrasaundi, dokta akaongea na sisi dakika chache akasema twende moja kwa moja kwenye IVF, ile ya yai kurutubishwa maabara halafu kuwekwa kwenye kizazi, tukapewa karatasi ya bei. Nimeisoma ile karatasi mpaka imekatika kwenye mikunjo. Jumla yake inazidi tunachoingiza mwaka mzima, halafu chini kabisa kwa herufi ndogo wameandika dawa, ganzi na kugandisha havimo!

Mzunguko wangu hauko sawa, naweza kukaa siku 40, mara nyingine 60 ndo naona hedhi. Mume wangu hajapimwa kitu chochote, hakuna aliyemuuliza hata swali. Sasa ndugu wanashauri tuuze kiwanja. Kabla hatujauza naomba kujua, kweli IVF ndo njia pekee? Kuna za gharama ndogo zinazofanya kazi au tutakuwa tunapoteza muda? Na wenye kuuza dawa za kusafisha kizazi naombeni sana msinifuate, nimeshachoka nao.

benchi_la_maabara:
Pole sana dada. Kiwanja kiacheni kwanza. Mimi niko maabara, na kitu kinachoniuma kila siku ni mwanamke anakuja na faili limejaa vipimo vya miaka, mume hajawahi kutoa hata sampuli moja. Karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, upande wa mwanaume unachangia, iwe peke yake au pamoja na wa mwanamke. Na kipimo cha mbegu ni kati ya vipimo rahisi kabisa kwenye safari yote hii, hakina sindano wala kulazwa, majibu yanatoka siku hiyohiyo au kesho yake.

Ila kifanyike vizuri maana kikifanywa ovyo mtalipa mara mbili. Akae bila kutoa mbegu siku 2 mpaka 7, isizidi. Sampuli iingie kwenye kikopo yote, hasa ile ya mwanzo ndo ina mbegu nyingi, kama imemwagika aseme asione aibu maana sisi tutaandika idadi ndogo na mtaogopa bure. Akitolea nyumbani aifikishe ndani ya saa moja, kikopo akiweke ndani ya shati karibu na mwili, kisipigwe na baridi wala jua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka mpaka wa chini kwenye milioni 16 kwa kila mililita, lakini aliye chini ya hapo anaweza kuzalisha na aliye juu anaweza kushindwa, kwahiyo msisome namba wenyewe mkaanza kulia. Majibu yakiwa mabaya kinarudiwa, kwa kawaida baada ya miezi kama mitatu hivi, kwasababu mbegu inachukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa. Na muulize kwa upole kama anatumia sindano au vidonge vya kujenga misuli, homoni ya kiume ikiingizwa mwilini kutoka nje, mwili unaacha kutengeneza mbegu zake, wanaume wengi hawalijui hili kabisa.

nesi_wa_zamu:
Nakazia hapo juu, halafu niongeze upande wako subira. Mzunguko wa siku 40 mpaka 60 maana yake mara nyingi yai halipevuki kila mwezi, na hilo ndo tatizo la uzazi lenye tiba rahisi kuliko mengi. Chanzo kikubwa huwa ni PCOS, yaani homoni zimevurugika na mayai hayapevuki vizuri kwenye ovari, ila kabla hawajakupa hilo jina waombe wapime homoni ya tezi ya shingo na prolaktini, ile homoni ya maziwa, hivi viwili vikivurugika vinaharibu mzunguko na tiba yake ni vidonge vya kawaida tu.

Ikiwa ni PCOS, dawa ya kwanza siku hizi ni letrozoli. Ni vidonge, unameza siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Utashtuka maana kwenye boksi imeandikwa dawa ya saratani ya matiti, ndo ilikoanzia, usikimbie. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani ukatoka 2014, wanawake 750 wenye PCOS, waliotumia letrozoli asilimia 27.5 walizaa na waliotumia klomifeni, vidonge vya zamani vya kupevusha mayai, asilimia 19.1, na hiyo ni ndani ya mizunguko isiyozidi mitano. Hakuna aliyefanyiwa IVF pale. Ukilinganisha na bei ya IVF ni mbingu na ardhi. Lakini usinunue dirishani ukajimezea, daktari aandike, upime mimba kwanza, na angalau mzunguko wa mwanzo upigwe ultrasaundi waone mayai mangapi yanakua maana yakiwa mengi ni hatari ya mimba ya mapacha au zaidi. Na kama una uzito uliozidi, kupunguza hata asilimia 5 mpaka 10 kuna wanaorudishiwa hedhi bila dawa yoyote. Siyo wote, nasema kuna.

Kwanza lakini mbegu za mume zijulikane. Ukimeza letrozoli miezi sita wakati mume hana mbegu hata moja, nani atakurudishia hiyo miezi?

tulivuka:
Mimi nilifika mpaka IVF kwasababu mirija yangu yote miwili ilikuwa imeziba, hapo vidonge havisaidii, kwahiyo nisiwadanganye kwamba kila mtu atakwepa. Kipato chetu kilikuwa kama chenu. Ninachoweza kukusaidia ni namna ya kuisoma ile karatasi.

Mwambie mhasibu wao akuandikie bei moja kuanzia sindano ya kwanza mpaka kipimo cha mimba, dawa ndani, ganzi ndani, ultrasaundi zote ndani. Akikataa kuandika ondoka. Halafu uliza mzunguko ukisitishwa katikati kwasababu mayai hayakukua mnarudishiwa kiasi gani. Uliza viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vinavyobaki vinagandishwa kwa bei gani na vinatunzwa kwa mwaka bei gani, hili watu wanalipuuza lakini jaribio la pili kwa kiinitete kilichogandishwa linakuwa nafuu sana, huchomwi tena zile sindano za kuchochea mayai na huingii tena theatre kutolewa mayai.

Angalia na vya kuongezewa. Mimi nilitajiwa kukwaruzwa ukuta wa kizazi ili mimba ishike, nikasoma, utafiti mkubwa wa 2019 haukuona faida, nikakataa na hela ikabaki. ICSI pia, ile ya kudunga mbegu moja ndani ya yai, iliwekwa kwa ajili ya matatizo ya mbegu, kama mbegu za mumeo ni nzuri uliza kwanini unalipishwa. Dawa nazo zinaweza kupungua, kuna kliniki zinatumia vidonge na sindano chache, mayai yanatoka machache ila bili inashuka sana. Yule mtoto wa kwanza wa IVF, Louise Brown wa Uingereza mwaka 1978, alipatikana kwa yai moja la mzunguko wa kawaida bila dawa za kuchochea.

Halafu usikubali kuwekewa viinitete vitatu eti ndo upate faida ya hela yako. Watoto watatu wakizaliwa njiti bili ya chumba cha watoto wachanga itawamaliza, na huo siyo upande wa hela tu, ni maisha yao.

mwenye_haraka:
Mnaongea vizuri ila mimi naomba niweke breki kidogo. Haya ya pole pole yanamfaa wa miaka 31. Dada yangu alidunduliza miaka mingi ili afanye IVF, anafikisha hela ana 41, mayai hayakutosha. Kwahiyo mwenye 35 kwenda juu asingoje hata huo mwaka mzima tunaoambiwa tujaribu kwanza kabla ya kupimwa, miezi sita inatosha aende kupimwa, na akiwa na 38 au 39 asikae kwenye vidonge muda mrefu kwasababu ni rahisi. Miaka nayo ni gharama jamani, hairudi.

nesi_wa_zamu:
Nakubaliana na wewe mia kwa mia, na pole kwa dada. Umri ndo unaamua mwendo. Kwa subira ningesema ajipe muda wa letrozoli kama mizunguko sita hivi, ikikataa asiendelee kurudia kitu kilekile.

subira_yangu:
Mungu awabariki sana, nimesoma yote kwa sauti mume wangu akiwa pembeni. Amekubali kupima, ila ameuliza kama majibu atapewa yeye mwenyewe au yatatangazwa mbele za watu maana hilo ndo linamtisha. Na mirija yangu naipima lini, kabla au baada ya yeye?

benchi_la_maabara:
Mwambie hongera. Majibu ni ya kwake, aombe apewe mkononi kwenye bahasha au aongee na dokta mlango umefungwa, ni haki yake na hakuna wa kumbishia. Mbegu kwanza. Mirija baadaye, ile eksirei ya HSG inafanywa hedhi ikishakatika na kabla yai halijapevuka, wewe ambaye mzunguko wako haueleweki upime mimba asubuhi ya siku hiyo. Kama una maumivu ya chini ya tumbo au uchafu usio wa kawaida sema kabla, watibu maambukizi kwanza. Umeze na foliki asidi kuanzia leo, mikrogramu 400 kila siku, hiyo usisubiri majibu.