Nyaraka zilizopigwa picha: asiyeona azisomeje, na anaweza kuzigawa?

Swali
Wanajukwaa, salamu. Mimi sioni, na katika utafiti wangu hutegemea programu ya kisoma skrini, ambayo hutamka maandishi au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Taabu yangu ni nyaraka za zamani zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa mahali ambapo wengine huona maneno, programu hukuta picha tupu. Ninyi mnazigeuzaje? Na nikishaisahihisha moja, je, naruhusiwa kumpa mwenzangu asiyeona ili asirudie kazi ileile?

Jibu la 1
Ndugu, ipitishe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi yaliyomo ndani ya picha, kisha usiiamini. Ukurasa wenye safu mbili huweza kusomwa moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, mstari wa safu ya kushoto ukaungwa na wa kulia, hata sentensi zikawa vichekesho. Majedwali ndiyo mabaya zaidi. Mimi humwomba mtu anayeona anilinganishie tarakimu peke yake, kwa sababu neno lililokosewa hujifichua lenyewe sikioni, ilhali 3 iliyosomwa kuwa 8 haina dalili yoyote. Mwisho, viwekee vichwa vya sura mtindo wa kichwa uliomo kwenye programu ya kuandikia, usikoleze wino tu, kwani kisoma skrini huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kufuata mtindo huo.

Jibu la 2
Kuhusu kugawa, uko Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2016. Unazitaka nchi wanachama ziruhusu nakala zinazosomeka na wasioona zitengenezwe bila idhini ya mwenye hakimiliki. Hata hivyo, unamruhusu msomaji kujitengenezea nakala ya matumizi yake mwenyewe, na kazi ya kusambaza umeziachia taasisi zinazotambuliwa, kama vile maktaba za wasioona. Njia salama, basi, ni kuipeleka nakala yako huko, baada ya kuhakikisha kwamba nchi yako imejiunga. Kama hakimiliki ya waraka imekwisha muda, huna haja ya haya yote.

Jibu la 3
Mimi ni kiziwi. Wenzangu wasioona wakijadili matokeo kwa ujumbe wa sauti, mimi hubaki nje. Nami nikieleza kwa video ya lugha ya alama, wao hubaki nje. Tunakutana kwenye maandishi, ingawa kwa wengi wetu viziwi maandishi ni lugha ya pili, kwa hiyo naomba muhtasari wenu uwe wa sentensi fupi.

Mwuliza swali
Nashukuru. Ninayo majedwali 14 yanayosubiri macho ya mtu. Rekodi zangu za sauti nitaziandika kabla ya kuzituma. Nakiri sikuwahi kuzifikiria hivyo.