Naomba ushauri: mtoto kapimwa kwa pipi, niamini?

Wakubwa shikamooni, nipo Tanga huku Ngamiani. Mwanangu wa miaka minne, mwalimu wake wa chekechea kamwekea pipi mezani kamwambia akisubiri atapata mbili, dogo kaimenya hapohapo, sasa naambiwa eti masomo hatafika mbali, utafiti wa Marekani umesema. Usiku sikulala. Nikasoma, kumbe wale watoto wa utafiti wa mwanzo walikuwa wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford tu, na 2018 waliporudia kwa watoto zaidi ya 900 uhusiano kati ya kusubiri na kufaulu masomo ulipungua karibu nusu, na ukihesabu na hali ya nyumbani unabaki mdogo sana. Wenye uzoefu mnaangalia nini kabla ya kuuamini utafiti, idadi ya watu, kurudiwa, au kipi? Na mwalimu nimwambieje bila kumvunjia heshima, maana mtoto anampenda kweli.