Mrejesho: masta ya isimu, yule mwalimu wa Lamu

Asalaam aleikum wadau. Mimi ndo yule mwalimu wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, niliyeuliza kama mtu wa digrii ya ualimu, hesabu hajui sana, anaweza kusoma masta ya isimu nadharia, yaani nadharia za jinsi lugha inavyofanya kazi. Nilipata nafasi Nairobi na nimeshaanza, alhamdulillahi.

Hesabu mlizonitisha wala hazipo, ila semantiki, somo la maana, inataka lojiki kidogo. Kazi kubwa ni sintaksia, somo la muundo wa sentensi, kwa Programu Finyu, nadharia ya mwanaisimu Chomsky, yaani unachora sentensi kama mti wenye matawi mpaka usiku na kila tawi utetee kwa nini lipo. Lakini utamu wake jamani! Cheki hii, "kitabu ambacho Juma alikisoma" iko sawa, ukitoa amba- unasema "kitabu alichokisoma Juma", mtendaji lazima aende nyuma ya kitenzi, ukisema "kitabu Juma alichokisoma" sikio linakataa. Maisha yote naongea hivyo na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Sasa nataka tasnifu iwe ya virejeshi, yaani hizo amba- na -cho-, vya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, maana vitabu vingi vimekaa na Kiswahili sanifu tu. Aliyenishauri nianze kurekodi wazee mapema, shukran sana ndugu yangu, likizo hii naanza na bibi zangu mtaa wa Mkomani, hapo hapo Lamu.